Kuamka na Kuamkia

Editha mwanangu,

Barua huanza na salamu, najua. Mwalimu wako wa darasa la nne angenikata alama hapa hapa. Salamu yangu nimeiweka kando kwanza, nina sababu, na sababu yenyewe utaikuta huko chini.

Umeteremka kwa shangazi yako kuaga, na kwa jinsi ninavyomfahamu dada yangu hutaachiwa mpaka umekula mara mbili. Basi nina muda. Nimekaa barazani, mgongo unauma kama kawaida yake, mvua imenyesha ikakatika, na begi lako jekundu liko mlangoni limefungwa tayari. Kila nikiinua macho nakutana nalo. Sitakuandikia habari za kula vizuri, kuchagua marafiki na kufunga mlango wa bweni. Hayo shangazi anakueleza muda huu huu, na ana sauti kunishinda.

Nataka kujibu swali lako la juzi. Ulikuwa umekaa kwenye kiti changu unasoma ile programu yangu ya mizani, ukaniuliza, "Baba, mbona sehemu ya kulala ni fupi hivi, halafu ya kuamka ni ndefu namna hii?" Nami nikakujibu, "Ndivyo zilivyo." Ukasema sawa, ukainuka, ukaenda kuteka maji. Hukukasirika. Umeshazoea majibu yangu, na hilo ndilo ninalolifikiria tangu juzi. Mtu anayekwenda Dodoma kusomea kompyuta hafai kuondoka nyumbani na "ndivyo zilivyo", tena kutoka kwa baba ambaye kazi yake ndiyo hiyo. Nilikuwa nimechoka. Nimekuwa nimechoka miaka mingi, Editha, na wewe unalijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote hapa Kanazi.

Unakumbuka Bibi alivyokuwa akiwaeleza watu kazi yangu? Nilimwambia mara moja tu kwenye simu, nikiwa Dar es Salaam, kwamba naandika viendeshi. Yeye akalipeleka neno kanisani kwa namna yake: "Mwanangu huko mjini anaandika madereva." Wiki ile ile wazee wakaanza kupanda hapa na leseni za vijana wao. Mmoja akamwambia, "Huyu wangu ameshaendesha loli mpaka Rusumo, mwambie amuandike na yeye, hata kama ni udeleva wa usiku." Bibi akapokea majina yote. Nilipokuja Krismasi nikamkuta ananisubiri na majina ya watu wa kuajiri, nikakosa pa kuanzia kumweleza. Ulicheka siku hiyo mpaka ukakaa chini. Ulikuwa mdogo bado, na mama yako alikuwa ameshatutoka zamani, kabla hujaweza kumkumbuka.

Nilimwambia Bibi, na wewe nakurudia, kwamba kiendeshi ni programu ndogo inayokaa kati ya kompyuta na kifaa kilichochomekwa. Kompyuta haijui mizani ni nini, na mizani haijui kompyuta ni nini. Kiendeshi ndicho mkalimani. Muda wote ambao wote wawili wako macho, kazi hii haina shida kubwa, hata wewe unaiweza leo. Shida inaanza mtu anapofunga kifuniko cha kompyuta ili ilale.

Kompyuta ikitaka kulala hailali ghafla. Inapita kwa kila kiendeshi na kukiambia, tunalala, maliza ulichoshika. Kiendeshi kizuri kinamaliza kazi iliyo mkononi, kinakataa kazi mpya, kinaandika mahali fulani jinsi kifaa chake kilivyokuwa, kisha kinasema, niko tayari. Hapo ndipo umeme unakatwa. Hiyo ndiyo sehemu fupi uliyoiona. Kulala ni rahisi kwa sababu unajua unachokiacha.

Nami nilijua nilichokiacha. Nilimwacha mtoto wa darasa la tatu, mwembamba, anayependa uji wa ulezi wenye sukari nyingi na anayeogopa mbuzi dume wa jirani. Nikakuandika kichwani hivyo hivyo, nikafunga, nikapanda basi. Nikija mara moja kwa mwaka, siku mbili tatu, nilikuwa nakutazama juu juu tu na kuona ni yule yule, amerefuka kidogo. Sikujiona kama mtu aliyelala. Nilikuwa nafanya kazi mpaka macho yanawaka. Lakini kwa upande wako nilikuwa nimelala fofofo.

Kuna jambo jingine kwenye kulala ambalo lazima ulijue. Kabla umeme haujakatwa unaweza kuchagua kifaa kipi kitaruhusiwa kuiamsha kompyuta. Kibodi, kwa mfano, huachwa na umeme kidogo ili mtu akigusa, mfumo wote uamke. Vilivyobaki hata vikipiga kelele vipi havisikiki. Ni uamuzi mdogo, mstari mmoja tu wa programu, na watu wengi wanaupita bila kuufikiria.

Usiku ule Bibi alipotutoka, simu yangu ilikuwa imezimwa. Tulikuwa tumemaliza kazi moja ngumu pale ofisini na nilijiambia leo nalala kama watu. Asubuhi nikaiwasha, ujumbe wa simu zako ukaingia mmoja baada ya mwingine, ukawa hauishi. Nikakupigia. Ulipokea haijaita hata mara moja vizuri, ukasema, "Baba." Na mimi, bila habari ya asubuhi, bila pole, nikasema, "Nani yuko hapo? Mpe simu mtu mzima."

Ukasema, "Sawa, baba," ukampa shangazi yako.

Yale yaliyotangulia nilikuja kuyasikia kwake, baadaye sana. Kwamba ulikuwa peke yako na Bibi. Kwamba ulimfumba macho na kumfunga kidevu kwa kitambaa kwa sababu uliwahi kusikia wakubwa wakisema hufanywa hivyo. Kwamba mvua ilikuwa kubwa na hukutaka kumwacha peke yake ukamwite mtu, kwa hiyo ulikaa naye mpaka kukapambazuka, ukinipigia. Mtu mzima nyumba ile alikuwa wewe. Nilikuwa naongea na mtoto wa darasa la tatu, na huyo hakuwepo tena.

Tangu siku hiyo hujawahi kunipigia simu. Nikipiga mimi unapokea, unajibu vizuri, adabu yako haina doa. Hata ulipokuwa bweni, matroni akiwaruhusu wenzako wapige nyumbani Jumapili, simu yangu haikuita. Nilikuwa naiweka hapa mezani naifanyia kazi pembeni yake. Sikulaumu. Nakuambia tu nilikuwa nasubiri.

Baada ya mazishi nikahamia huku, kazi nikaifanyia hapa hapa barazani, watu wakasema baba Editha ameamka. Ndiyo, niliamka. Nikakununulia begi la shule lenye katuni ya sungura, na wewe ukiwa umeshanipita mabega. Nikakupikia uji nikautia sukari mpaka ukawa kama sharubati, ukaumaliza wote kwa adabu, na ni shangazi aliyeniambia kwamba uliacha sukari siku nyingi. Nikakukataza kwenda mtoni peke yako wakati ni wewe uliyekuwa ukimpeleka Bibi mtoni. Kila neno nililokuambia lilikuwa sahihi kabisa kwa mtoto niliyemwacha.

Halafu ile asubuhi ya kwanza. Ulitoka chumbani ukaja ukasimama mlangoni mwa jiko. Hukusema kitu. Nami nilikuwa nimechutama napuliza moto, nikakutazama, nikasubiri. Nikaona, huyu mtoto amekosa malezi kumbe. Nikasema kwa ukali, "Shikamoo imeishia wapi?" Ukasema, "Shikamoo baba." Nikasema, "Marahaba." Ukachukua ndoo ukaondoka. Nilijiona nimefanya kazi ya mzazi siku hiyo.

Sasa nikupeleke Runazi, kule Biharamulo, ndipo jibu la swali lako lilipo.

Unajua tulitengeneza mizani ya watoto wachanga kwa ajili ya zahanati, unaichomeka kwenye kompyuta, uzito unajiandika wenyewe. Kiendeshi nilikiandika mimi. Bosi wetu alikuwa analalamika kwamba kompyuta ikiamka, dirisha la uzito kwenye skrini linakaa tupu kidogo kabla mizani haijajibu, na watu watadhani imeharibika. Nikaona jambo dogo. Nikafanya hivi: wakati wa kulala kiendeshi kitunze uzito wa mwisho, na wakati wa kuamka kiuonyeshe mara moja, wakati mizani bado inajiandaa. Dirisha halikukaa tupu tena. Ofisini tulijaribu mara nyingi sana, tunafunga kifuniko, tunafungua, jiwe letu la majaribio liko pale pale juu ya mizani, uzito ni ule ule. Tukapeana mikono.

Runazi hakuna aliyeweka jiwe. Sola ilikuwa dhaifu msimu wa mawingu, na nesi wa pale alikuwa na tabia nzuri tu ya kubana betri: akimaliza mtoto mmoja anafunga kifuniko, ananawa mikono, anamweka mtoto mwingine, anafungua, anasoma, anaandika kwenye kadi, anafunga. Kompyuta ikilala mizani nayo inakosa umeme. Ikiamka, kabla mizani haijapata fahamu, kiendeshi changu kinatoa uzito wa mtoto aliyetangulia. Na kinautoa kwa uhakika kabisa.

Mama mmoja alikuwa na mtoto aliyekuwa anaharisha na kupungua. Siku hiyo alipangwa nyuma ya mtoto mmoja mnene. Kadi ikasema mtoto ameongezeka, akaambiwa hongera, akarudi kwenye mihogo yake. Mwezi uliofuata nesi akasoma uzito wa kweli, akaona mtoto ameporomoka, akamgeukia yule mama mbele ya wenzake wote: "Umemfanya nini mtoto? Humpi chakula?" Yule mama akafunga mtoto wake mgongoni akaondoka, na hakurudi tena kliniki. Nesi ndiye aliyekuja kushtuka, alipoona kadi nyingi zinafanana mno, akapiga simu ofisini. Nikatumwa mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa karibu.

Nilikaa pale zahanati nikimtazama nesi anafanya kazi. Alipofunga kifuniko mara ya kwanza tu, nikaliona kosa langu. Sikuhitaji kuendelea kutazama.

Nilimwomba anipeleke kwa yule mama. Tulimkuta anamenya mihogo, mtoto amelala kwenye kanga pembeni, mifupa ya mabega imemtoka. Nesi akamwomba radhi vizuri sana. Kisha nikaeleza ya kwangu, kwamba kosa si lake wala si la nesi, ni langu, mashine ilisema uzito wa mtoto mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo haikumpima wangu?"

Nikasema, "Haikumpima, mama."

"Na ikajibu."

"Ikajibu."

Akaendelea kumenya. Baadaye akasema, "Sawa, nimesikia, mzee." Kesho yake alimpeleka mtoto zahanati, na mtoto alipona, nilihakikisha, leo anakimbiza kuku. Lakini lile "na ikajibu" nilirudi nalo kwenye basi mpaka Benaco, nikashuka nalo, nikaja nalo mpaka hapa. Mwanzoni nilikuwa naifikiria mizani. Nilipofika pale kwenye kona ya shule nikawa nakufikiria wewe.

Kiendeshi nilikirekebisha, na sasa utaelewa kwa nini sehemu ya kuamka ni ndefu. Kikiamka hakiruhusiwi kuamini chochote kilichokiandika kabla ya kulala. Kinaanza kuuliza, upo? Kwa sababu huenda mizani imechomolewa watu wakiwa wamelala. Kisha, ni wewe yule yule? Huenda imechomekwa nyingine mahali pale pale. Kisha, una hali gani, sifuri yako iko wapi, kuna kitu juu yako? Na lazima kisubiri jibu, hata kama dirisha liko tupu na bosi amekunja uso. Hilo dirisha tupu, Editha, utakapoanza kazi watakuomba uliondoe. Mimi nimelirudisha na nimeligombania.

Na kuna utaratibu mmoja nataka uubebe, maana ulinichukua muda mrefu kuuona. Katika kazi yetu vifaa hupangwa kiukoo. Kile kilichobeba kingine huitwa mzazi, kilichobebwa huitwa mtoto. Ndivyo wenye kazi wanavyoviita, sijabuni mimi. Wakati wa kulala, mtoto hulazwa kwanza na mzazi hufuata. Wakati wa kuamka, mzazi huamka kwanza, ndipo amfuate mtoto amuulize. Mizani yangu haina namna ya kuanza mazungumzo. Inakaa pale, ina kila kitu cha kusema, inasubiri kuulizwa. Niliandika hayo kwa mkono wangu na bado nikawa nakaa jikoni nasubiri shikamoo.

Kwa Kiswahili tunaamka, halafu tunaamkiana. Nimeyatumia maneno hayo mawili maisha yangu yote bila kuona kwamba ni neno moja. Bibi aliliona bila shule. Wewe unajua alichokuwa akifanya kila asubuhi, mimi nilikuwa nimesahau mpaka shangazi yako aliponikumbusha mwezi uliopita, tukipukuchua maharage. Nilikuwa namlalamikia kwamba wewe ni mkimya asubuhi. Akaacha maharage akanitazama. "Wewe hujui? Mama alikuwa anamwamkia mtoto kwanza. Anasimama pale mlangoni pa jiko, mtoto akitokea anamwambia *mwaramutse*, hivyo hivyo kwa heshima, kama anamsalimia mkwe. Sisi tulikuwa tunamcheka."

Nikakumbuka. Aliniamkia hivyo hata mimi nikiwa mdogo. Watu wakimwambia mama, mtoto ndiye anayetakiwa kuanza, alikuwa anasema kwa Kihangaza chake kwamba hawezi kumtuma mtu maji kabla hajajua kama ameuvuka usiku salama. Na hiyo ndiyo maana ya neno lenyewe, *mwaramutse*.

Kwa hiyo ile asubuhi ya kwanza uliposimama mlangoni mwa jiko, hukuwa umenyima mtu shikamoo. Ulikuwa umesimama mahali ulipozoea kuamkiwa. Bibi hayupo, umemlaza mwenyewe, na umesimama pale pale unasubiri kuona kama kuna mtu atakuuliza. Nami nikakudai heshima yangu. Niliposikia maneno ya shangazi nilinyanyuka nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, tena kwa sauti. Ulikuwa sokoni.

Kiendeshi kilinichukua wiki kukirekebisha. Hili lingine tumekaa nalo nyumba moja, meza moja, na sijalifungua. Mwezi mzima tangu shangazi aseme nimekuwa nikijiambia kesho. Kesho yenyewe unaondoka. Basi likishapita Benaco na Nyakanazi utakuwa umeingia kwenye mambo yako, na hofu yangu naisema wazi: naogopa utakuwa unapokea simu zangu kwa adabu mpaka nizeeke, na sitajua hata siku moja jinsi ulivyo.

Simu yangu haizimwi tena, hilo umeliona. Lakini nimeelewa kwamba kuiacha wazi hakutoshi. Nitakuwa napiga mimi. Nitakuwa nauliza kwanza, na ukikaa kimya nitasubiri na ukimya wako, sitaujaza na nilichokumbuka.

Nakusikia unapanda, unaongea na mtu njiani, lazima shangazi amekusindikiza na sahani iliyofunikwa. Wacha nimalize. Hii nitaipitisha chini ya mlango wako ukishaingia chumbani, ili ukitoka asubuhi uwe umeshaisoma. Nitakuwa mlangoni mwa jiko kabla yako. Salamu niliyoiacha juu kule ni ile ya Bibi, na sikuiandika kwa sababu ni ya kusemwa pale. Baada yake nina swali moja ambalo nilitakiwa kukuuliza kwenye simu asubuhi ile: usiku ule wa Bibi, uliuvukaje? Basi la safari likipiga honi, na lipige.

Ukiona huwezi, au hutaki, niwahi wewe. Sema shikamoo kama siku zote, nitaitikia marahaba, nitakubebea begi mpaka stendi na sitakulaumu hata moyoni. Lakini ukija ukasimama tu pale mlangoni bila kusema kitu, kama asubuhi ile, safari hii najua unasubiri nini.

Baba yako.